Mteja haachii noti, kiongozi wa zamu hazunguki: mliopitia haya mlisema neno gani?

Mwenye Dirisha:

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika ndiyo mara yangu ya kwanza, mniwie radhi nikirefusha.

Nafanya kazi duka la dawa, huu ni mwaka wa tatu. Niko dirishani: napokea cheti cha daktari, nampa mfamasia, dawa zikitoka namweleza mteja azitumie vipi, napokea hela, natoa risiti. Kazi naipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemweleza yanayonisibu, jibu lake la kwanza ni "si uache tu?" Sitaki kuacha. Nataka haya mambo yaishe.

La kwanza ni la mteja. Kuna baba mmoja huja kila Jumanne. Hana cheti, haumwi. Hununua pipi za koo, pakiti moja. Akinipa hela, haiachii noti. Mimi nimeshaishika upande wangu, yeye kaikamata upande wake kwa vidole viwili, ananitazama usoni, anatabasamu, anasubiri nivute. Nikivuta anaachia taratibu, halafu anasema, "Kumbe una nguvu wewe." Nisipovuta tunabaki hivyo hivyo, noti katikati, foleni nzima nyuma yake inatutazama. Ni sekunde tano au sita. Najua mtu akisikia ataona ni noti tu, kuna nini? Lakini mimi Jumatatu usiku nimeshaanza kuiwaza Jumanne.

Mwezi uliopita niliinamisha kichwa nikajifanya naandika kitu, nikitegemea ataiweka kaunta. Alinyoosha mkono mpaka upande wangu wa dirisha, akanigusa shavu kwa ile noti. Nilikosa la kusema. Nikaichukua, nikampa pakiti yake na chenji yake, na nikamwambia "karibu tena" kama ninavyowaambia wote. Hiyo "karibu tena" ndiyo inayoniuma mpaka leo, kuliko hata ile noti.

La pili ni la kiongozi wetu wa zamu. Stoo yetu ni nyembamba. Kati ya rafu na rafu anapita mtu mmoja. Wa pili akitaka kupita, lazima wa kwanza ajibanze. Lakini stoo ina milango miwili, mmoja huku na mwingine kule mwisho, kwa hiyo ukimkuta mtu katikati unazunguka. Yeye akinikuta mimi hazunguki. Anakuja, anaweka mkono kiunoni kwangu, "samahani, napita," anapita amenibana kwenye rafu. Mzee wetu mfamasia akiwa amesimama pale pale ninaposimama mimi, yeye huzunguka bila kuambiwa. Kijana wa mizigo akiwa pale, huzunguka, au humwambia asogee. Wiki iliyopita niliamua kuhesabu. Siku moja, kabla ya saa sita mchana, mara saba.

Nilimwambia, "Si upite mlango ule?" Akacheka, akatoka nje akawaambia wenzetu, "Huyu anadhani mimi namtaka." Wakacheka wote. Tuna dada mmoja wa keshia, tuko wanawake wawili tu pale, na yeye alicheka. Tangu siku hiyo kila akiingia stoo anatangaza kwa sauti, "Jamani napita, msije mkasema namtaka!" na kicheko kinaanza upya. Yaani nililolilalamikia limegeuzwa kuwa utani wa ofisi. Nikinyamaza, mkono unakuja. Nikisema, nawachekesha watu.

Na kuna la tatu ambalo si langu, ila linanisumbua kuliko nilivyotegemea. Huyo dada wa keshia ana tabia ya kuvisoma vyeti vya watu kwa sauti mteja akishatoka. "Haya, mmeona dawa anazotumia huyu?" Siku moja mama mmoja alirudi kuchukua mwavuli aliousahau pembeni ya mlango. Sisi hatukumwona. Alikuwa amesimama pale na mkono wake kwenye mwavuli, anasikia habari zake zikisomwa. Hakusema kitu. Akachukua mwavuli, akatoka. Alikuwa mteja wetu wa kila mwezi na hajarudi tena. Dawa zile si za kuruka mwezi.

Habari ya mteja nilimgusia meneja. Aliniambia, "Mteja ni mfalme, vumilia, ni dakika moja kwa wiki." Ya kiongozi wa zamu sijamwambia, kwa sababu hao wawili ni marafiki, huja pamoja asubuhi na kuondoka pamoja jioni.

Naomba msiniambie "jiamini" au "kuwa na msimamo". Nimeshaambiwa sana. Nataka maneno yenyewe. Wewe uliyepitia haya, ulifungua mdomo ukasema neno gani, ulimwambia nani, na ikawaje?

ZamuYaUsiku:

Mdogo wangu, pole sana. Nimekaa mapokezi ya hoteli miaka 11, mingi yake usiku, kwa hiyo huyo baba wa noti namjua hata bila kumwona. Kwangu alikuwa anashika ufunguo.

Fanya hivi. Tafuta kisahani, trei ndogo, hata mfuniko wa boksi ulio safi. Uweke katikati ya kaunta. Jumanne ikifika, usimsubiri yeye: kuanzia mteja wa kwanza wa asubuhi kila mtu aweke hela pale, na chenji na wewe uiweke pale pale. Wote, wazee kwa vijana, ili asipate pa kusema umemlenga. Akifika na kukunyooshea mkono, mwambie maneno matatu: "Weka hapo, tafadhali." Ukisema, tazama kisahani, usimtazame yeye, na mikono yako iwe chini ya kaunta. Akibaki ameing'ang'ania, usibishane naye. Sema, "Namhudumia anayefuata," na umwite anayefuata kweli, kwa sauti ya kawaida. Huyo mtu anategemea kwamba mbele ya foleni wewe ndiye utakayeona aibu. Foleni ikisogea bila yeye, aibu inabaki kwake.

Nikupe na langu. Tulikuwa na mgeni anayepiga simu mapokezi saa nane za usiku akitaka maji ya kunywa. Ukipanda, anafungua mlango amejifunga taulo, anakwambia ingia uyaweke mezani. Mara ya kwanza nilidhani nimemkuta anatoka kuoga. Mara ya pili taulo ilikuwa imelegezwa. Sikumwambia mtu, nikawa tu namwomba Mungu simu isiite. Asubuhi moja tunabadilishana zamu, mwenzangu akasema kwa utaratibu, kama anayejisemea, "Mimi chumba kile sipandi tena." Wa tatu akageuka, "Na wewe?" Kumbe tulikuwa watatu, na kila mmoja alijua ni yeye peke yake. Nakumbuka tulivyotazamana pale, bado tumeshika makoti yetu.

Basi nikafungua daftari la zamu, nikaandika: "Chumba hiki huduma ya usiku ni watu wawili, maji yanaachwa nje ya mlango." Sikuandika tusi wala tuhuma. Meneja alisoma, akaniita, akauliza kuna nini. Sikwenda peke yangu, tulikwenda watatu, kila mmoja akasema la kwake. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu akasaini chini ya mwandiko wangu. Mgeni alipolalamika kwamba huduma imeharibika, alijibiwa ndio utaratibu. Hakupiga simu tena saa nane. Kiu iliisha.

Na hilo la "mteja ni mfalme", meneja wako analitumia vibaya. Neno hilo ni la bidhaa. Mteja abadilishiwe kilichoharibika, aelezwe mara tatu asipoelewa, asikilizwe hata akiwa na hasira, kwa sababu mtu mgonjwa ana hasira zake na tunazibeba. Shavu lako si bidhaa ya duka.

Mtu wa Amani:

Dada, usinichukie kwa hili. Mteja nakubali, huyo ana lake. Ila huyo kiongozi wa zamu inawezekana kabisa hajui kama anakukera. Wapo watu wamezoea kushikashika, hawana nia mbaya. Mimi ningemwita pembeni nikazungumza naye kiungwana kabla mambo hayajafika kwenye barua. Barua zikianza kazini, upendo unakwisha, na mtaendelea kuonana kila siku.

Mwenye Dirisha:

@Mtu wa Amani kaka, sikuchukii, nakuelewa. Hivyo hivyo unavyosema ndivyo nilivyojiambia mwaka mzima. Ila asiyejua hawezi kuchagua. Yeye kuzunguka anakujua, anazunguka kwa mzee kila siku ya Mungu. Akinikuta mimi ndipo mlango wa pili anausahau. Ndiyo maana nilikaa nikahesabu, nilitaka kujua kama ni mimi nafikiria vibaya.

@ZamuYaUsiku dada asante. Nimesoma mara mbili. Kisahani nitakifanya.

Mtu wa Amani:

Hapo kwenye milango miwili nimekuelewa. Sikuwa nimelitazama hivyo. Samahani dada.

Karani wa Utumishi:

Nimepokea malalamiko ya wafanyakazi kwa miaka mingi, mengine nimeyashughulikia vizuri, mengine yaliniponyoka na yananiuma. Nikuambie niliyoyaona.

Usiyaweke mambo yako matatu kwenye barua moja. Barua yenye malalamiko matatu hushughulikiwa lile jepesi, halafu faili linafungwa na unaambiwa tumeshalifanyia kazi. La vyeti mwambie mfamasia leo, kwa mdomo, na mwelezee habari ya mwavuli kama ulivyotuelezea sisi. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa taaluma yake, si hiari yake wala ya keshia. Yule mama hakukimbia duka tu, amekimbizwa kwenye dawa zake, na mfamasia ataelewa uzito wake kuliko mtu mwingine yeyote pale.

La stoo ndilo linalotaka maandishi. Nunua daftari dogo, likae nyumbani, usiandike kwenye kompyuta wala simu ya kazini. Kila likitokea andika siku ile ile: tarehe, saa, mahali, alichofanya, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, nani alikuwepo, na wewe ulijibu nini. Usiandike "alininyanyasa". Andika "aliweka mkono wa kulia kiunoni kwangu akapita kati ya rafu ya pili na ya tatu, mlango wa nyuma ulikuwa wazi." Neno "alininyanyasa" atalibishia, atasema umemwelewa vibaya. Mlango kuwa wazi hawezi kuubishia. Na andika pia kwamba mfamasia akiwa pale huwa anazunguka. Wewe mwenyewe umeshaiona hoja yako kubwa, kazi iliyobaki ni kuiwekea tarehe.

Sasa la meneja kukwambia uvumilie. Tarehe 21 Juni 2019, mjini Geneva, mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na ulianza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Nakutajia kwa sababu unazigusa shida zako zote mbili. Mkataba ule unahesabu tendo hata likitokea mara moja tu, si lazima lirudiwe. Noti shavuni ilikuwa mara moja, na inatosha. Pia hauishii kwenye kaunta: unahesabu mahali mfanyakazi anapopumzika, anapokula, chooni, anapobadilishia nguo, safari za kikazi, hata ujumbe wa simu unaotokana na kazi. Na Pendekezo namba 206, lililopitishwa pamoja nao, linataka mwajiri anapokagua hatari za kazini ahesabu na zile zinazoletwa na watu wa nje, wakiwemo wateja na wagonjwa. Kwa hiyo mteja wa Jumanne ni jambo la meneja wako, kama ambavyo waya ulio wazi ukutani ungekuwa jambo lake. Kila nchi huridhia kwa wakati wake, Uruguay ndiyo ilitangulia mwaka 2020, hivyo angalia kama yenu imo. Hata kama haimo, fungua sheria ya kazi ya nchi yako na utaratibu wa ofisi yenu, mara nyingi kuna kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukisoma.

Hiyo "karibu tena" usijiadhibu nayo. Mwaka 2022 shirika hilo hilo lilitoa matokeo ya utafiti wa nchi 121: zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walio kazini alikuwa amewahi kukutana na ukatili au unyanyasaji kazini, na karibu nusu ya waliokutana nao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Walipoulizwa sababu, wengi walisema waliona ni kupoteza muda, au walihofia sifa zao. Ofisini kwangu walikuja watu wazima, wenye vyeo, wakasema nilitabasamu, nilishukuru, nilimfungulia mlango. Mdomo husema ulichozoea kusema. Haina maana ulikubali.

Meneja kuwa rafiki yake kusikuzuie. Mpe barua ya maandishi, yenye tarehe, nakala mbili, ya kwako aisaini kwamba amepokea. Akishasaini, hawezi tena kusema hakujua, na mtu aliyesaini huanza kufikiria aliye juu yake atauliza nini. Akikaa nayo, unapanda kwa huyo aliye juu, au kwa chama cha wafanyakazi kama mnacho. Ukienda, usiende peke yako.

FundiWaBohari:

Nimeandika nikafuta mara mbili. Naandika ya tatu.

Mimi ndiye niliyekuwa huyo kiongozi wa zamu. Si wa kushika kiuno, lakini nisijitafutie nafuu. Bohari tuliyokuwa, alikuja binti wa kuhesabu mizigo, hodari, hakuna hesabu iliyompotea. Nikampa jina kutokana na umbo lake. Sitaliandika hapa. Tulikuwa na redio za mkononi, na mimi nilikuwa namwita kwa jina hilo redioni, bohari nzima inasikia, madereva nje wanasikia. Watu wanacheka. Na yeye alikuwa anacheka, ndicho nilichokuwa najiambia, mbona anacheka.

Lakini kuna kitu nilikuwa nakiona nikakipuuza. Zamani alikuwa anakula na sisi, kwenye meza moja. Akaanza kula amekaa ndani ya lori lililoegeshwa, peke yake, mlango umefungwa, hata siku za joto. Nilimwona kupitia kioo. Nikasema labda ana simu ya kuongea.

Siku moja nikamwita redioni kwa jina lile, wakacheka kama kawaida. Dereva mmoja, mtu mkimya, akabonyeza redio yake akasema, "Ana jina lake." Akalitaja. Basi, hakuongeza neno. Redio zote zikanyamaza. Nakumbuka nilivyosimama pale na redio mkononi, sikuwa na cha kujibu, na nilijua kila mtu anajua.

Nilimchukia yule dereva wiki nzima. Nasema ukweli. Ilinichukua wiki mbili hivi kumwendea binti na kumwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Umemaliza?" nikasema ndiyo, akarudi kwenye hesabu zake. Alikuwa na haki. Kwenye meza yetu hakurudi kamwe.

Dada, nikwambie kitu kuhusu mtu wa namna yetu. Sikuwa namfanyia yeye, nilikuwa nawafanyia wale wanaocheka. Wewe ukiniambia acha, ningefanya kama alivyofanya huyo wako, ningekugeuza utani. Lakini mmoja tu asipocheka, mchezo unaharibika. Mtafute mmoja asiyecheka. Kama ningekuwa wewe ningeanza na huyo dada wa keshia.

ZamuYaUsiku:

@FundiWaBohari asante kwa kusema. Si wengi wangeandika.

Na mimi nakubaliana naye kuhusu huyo dada. Usimwendee kwa hasira ya vyeti, vyeti mwachie mfamasia. Mwendee kwa kile kicheko.

Mwenye Dirisha:

Wakuu, zimepita wiki tatu na kidogo. Wengine mmeniandikia kuuliza, samahani kwa kimya.

Jumanne ile nilichukua mfuniko wa boksi la pamba, nikauosha, nikauweka kaunta. Kuanzia asubuhi kila mtu aliweka pale, hakuna aliyeuliza. Alipofika yeye akanyoosha noti. Nikasema, "Weka hapo, tafadhali." Akasema, "Siku hizi mmekuwa benki?" Sikumjibu, nilikuwa natazama mfuniko, na moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni. Hakuweka. Nikasema namhudumia anayefuata. Nyuma yake alikuwepo mama na mtoto mgongoni, akasogea mbele kweli, akaniwekea cheti chake. Yule baba akabaki pembeni ameshika noti yake hewani. Nikamhudumia mama mpaka mwisho. Ndipo akaiweka. Jumanne iliyofuata alikuja, akaweka bila neno. Iliyofuata hakuja.

La stoo niliandika siku tisa za kazi. Halafu nikamfuata dada wa keshia tukiwa tunafunga, tumebaki wawili. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njiani, nikamwambia tu, "Siku ile ulipocheka, niliumia." Alikuwa anahesabu hela. Akaacha kuhesabu. Nilidhani atakasirika. Akaniambia kabla sijaajiriwa mimi, alikuwa anamfanyia yeye. Pale pale, rafu ya pili na ya tatu. Na kwamba alikuwa anacheka ili iishe haraka. Siku nilipokuja mimi, ikahamia kwangu, na yeye alishukuru kimoyomoyo. Alilisema hilo huku analia. Mimi sikujua niseme nini, nikamsaidia kuzihesabu hela upya maana alikuwa amepotea.

Tulikwenda wote wawili. Kwanza kwa mfamasia, mzee wa watu alikaa chini, akasema kumbe kila siku anazungukwa yeye bila kujua maana yake. Halafu barua kwa meneja, nakala mbili. Alisoma pale mlango wa nyuma unapotajwa, akarudia. Akainuka akaenda stoo mwenyewe, akasimama kati ya rafu, akatazama mlango huu, akatazama ule. Akarudi akasaini.

Kiongozi wa zamu amehamishiwa zamu ya jioni wakati wanaendelea kulichunguza, kwa hiyo hatuonani ila tukipishana. Hajaadhibiwa, na sijui kama ataadhibiwa. Kijana wa mizigo hanisalimii, na wapo wawili wengine wanaosema nimemharibia mtu kazi. Inaniuma, sitawaficha. Lakini naingia stoo nikiwa natazama dawa ninazozitafuta, sitazami mlango.

Vyeti havisomwi tena. Mfamasia alizungumza na sisi wote siku moja kabla ya kufungua, na sasa vyeti vyote vinakaa upande wake.

Yule mama wa mwavuli bado hajaja. Namba yake ya simu ipo kwenye daftari la wateja wa kila mwezi. Mfamasia amesema tumpigie, tumwambie tu kwamba dawa zake zipo na anakaribishwa. Dada wa keshia ameomba apige yeye. Jana alipiga, mimi nimesimama pembeni yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Kesho saa nne atajaribu tena.